Tuko Runyenjes

Wenzangu wa buchani na wa msikitini, na wewe jirani unayeniuliza kila asubuhi gari liko wapi: nimechoka kusimulia kipande kipande. Huyu nimemwambia ni giaboksi, yule nimemwambia ni mlima, mwingine nimemwambia ni mipango ya Mungu na nikaendelea kukata nyama. Leo naandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii asome, kisha aniache.

Makutano

Baba alifariki alfajiri ya Jumanne nyumbani kwake mtaa wa Dallas, Embu mjini. Kaka yangu Salim, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye, alinipigia simu kabla sijamaliza kutawadha. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Ramadhani, mzee ametutoka. Tunamzika baada ya Adhuhuri. Njoo, na umlete Shangazi."

Hilo la pili lilinishtua karibu sawa na la kwanza. Shangazi Zainabu ni dada pekee wa baba. Anaishi nyuma ya bucha yangu hapa Makutano, Meru, na kwa miaka kumi na miwili hakukanyaga mlango wa kaka yake. Mama yao, yaani nyanya yetu, alipofariki, baba alimzika kabla Shangazi hajafika kutoka Meru. Alifika akakuta wanaume wanakung'uta vumbi. Kwetu wanawake hawaendi makaburini na jeneza. Anayetaka kumuaga maiti humwona uso nyumbani, kabla hajatolewa. Shangazi hakumwona mama yake. Tangu siku hiyo kila mtu hapa Makutano amemsikia akisema, "Alishindwa kuningoja mimi, mtoto wa mama mmoja."

Nilibisha mlango wake nikiwa na hakika atakataa. Alikuwa amekaa kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka paja hadi kifundo, maana alianguka bafuni mwezi uliopita. Nilipomwambia, akaniomba nimpe buibui lake lililokuwa msumarini.

"Nina neno moja la kumwambia," alisema. "Niweke mbele ya uso wake kabla hamjamtoa. Mengine ni yenu wanaume."

Kwa mguu ule hakuweza kukaa kama mtu mwingine. Ilibidi alale kiti cha nyuma chote, mgongo mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya mito. Na gari lenye kiti kirefu cha nyuma lilikuwa langu, stesheni wagoni ya kijivu, kuukuu, ya gia za otomatiki.

Sasa niseme ukweli kuhusu gari hilo. Kwa wiki tatu lilikuwa linateleza. Si magurudumu, ni giaboksi. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari linakaa linafikiri, halafu linaruka mbele kama mtu aliyeamshwa. Nilijiambia ni baridi ya asubuhi. Ningeweza kutafuta gari jingine pale pale steji, dakika kumi tu. Sikutafuta. Salim ndiye aliyeniambia nisilinunue, mbele ya watu, siku ya Idi. Nilitaka nifike kwake nikiwa nimelikalia.

Tuliondoka saa mbili na nusu. Kutoka Meru hadi Embu, gari zima huchukua saa mbili na nusu, tatu ukiwa na mzee ndani. Nilihesabu tutafika kabla ya saa sita.

Nkubu na Igoji

Kabla ya Nkubu nilijua hesabu yangu ni ya mtu mjinga. Kwenye kila mwinuko injini ilipanda sauti na mwendo ukashuka. Lori la mchanga lilitupita likipanda, na lori la mchanga halipiti mtu.

Nilisimama kituo cha mafuta Nkubu. Nilizima gari, nikamwomba mhudumu anipimie oili ya giaboksi. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena na kukiangalia kwenye mwanga.

"Imejaa, mzee. Hata imepita kidogo."

Nilifurahi. Nawaambieni, nilifurahi kama niliyepewa majibu mazuri hospitalini. Kama oili imejaa, basi ni jambo dogo. Nikampa mhudumu shukrani za bure na tukaendelea.

Karibu na Igoji harufu ikaanza, harufu ya maharagwe yaliyoungua sufuriani. Nilitoka barabarani na kusimama mbele ya akina mama waliokuwa wakiuza ndizi na avokado, nikafungua boneti. Sijui nilitarajia kuona nini. Mama mmoja alisogea dirishani, akamwona Shangazi amelala na buibui lake jeusi, macho yamefumba, mikono kifuani. Alirudi nyuma na kuvua kitambaa cha kichwa.

"Pole sana, baba. Mwili mnapeleka wapi?"

"Bado," alisema Shangazi bila kufumbua macho.

Mama yule alipiga kelele, wenzake wakaja mbio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasikia Shangazi akicheka. Kicheko kilimgeukia njiani kikawa kilio. Niliwaeleza: mzee wetu amefariki Embu, huyu ni dada yake, gari limegoma. Wakatuwekea ndizi za kuchemsha kwenye jani, na avokado iliyokatwa, na wakakataa malipo. Kisha mmoja wao akauliza kama wanaweza kutuombea. Shangazi, ambaye pale msikitini anamkemea mtu kwa kukosea herufi moja ya dua, alisema, "Ombeni, dada zangu. Hata gari liombeeni." Wakaweka mikono juu ya boneti ya moto wakaomba kwa Kimeru, kwa jina la Yesu. Mimi nilisimama nikiangalia saa. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Nithi

Lazima niwaambie jambo kuhusu baba. Maisha yake yote aliendesha lori la ng'ombe kutoka Isiolo kwenda kusini, na ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Barabara hii yetu ni ya mabonde: unashuka mtoni, unapanda, unashuka tena. Kila mteremko baba aliitoa gia, akaliacha lori lijiviringishe lenyewe, mafuta yasitumike. Kushuka na frii, ndivyo tunavyoita. "Huu mwendo ni wa bure," alikuwa akisema. "Chukua." Nilikuwa na miaka kumi na minane na niliona baba yangu ndiye dereva hodari kuliko wote.

Nimeshuka na frii tangu wakati huo. Magari yote, milima yote. Na Jumanne ile, baba yangu amelazwa akisubiri kuoshwa, tulipofika mteremko wa Nithi mkono wangu ulisukuma gia kwenye frii wenyewe, bila mimi kuutuma. Najua Nithi si mahali pa mchezo. Breki nilikuwa nazo, na mkono una mazoea yake.

Chini karibu na daraja nikarudisha D, gia ya mbele, tukiwa bado kwenye mwendo. Gari lilipiga kishindo ambacho Shangazi alikisikia kwenye plasta yake, akapiga yowe. Halafu injini ikaanza kulia peke yake. Nilikanyaga, nikakanyaga. Tulivuka daraja kwa mwendo uliobaki tu. Mlimani gari lilishika, likaachilia, likashika tena, na hivyo hivyo, watu wakitupigia honi nyuma, tukapanda. Kutoka hapo hadi Chuka mtu wa baiskeli alitufuata karibu karibu kwa muda mrefu, sidhani alikuwa anajitahidi.

Chuka

Makanika niliyeelekezwa Chuka anaitwa Mutegi. Ni mtu mfupi wa makamo, mpole, na anauliza maswali kama daktari. Hakugusa chochote kwanza.

"Inateleza ikiwa baridi ama ikipata moto?"

"Mwanzo asubuhi tu. Sasa wakati wote."

"Gia ya mbele pekee, ama na ya nyuma?"

Sikujua. Wiki tatu gari linaumwa na sikuwahi kujiuliza hilo.

Nikamwambia oili imejaa, ilipimwa Nkubu. Akauliza ilipimwa injini ikiwa imewashwa ama imezimwa. Nikasema imezimwa. Akatikisa kichwa taratibu.

"Ya injini ndiyo unapima ikiwa imezimwa. Ya giaboksi unapima injini ikinguruma na ikiwa moto. Ukizima, oili inarudi chini yote, unaona imejaa na haijajaa."

Aliniambia niwashe, nikanyage breki, nipitishe gia zote moja moja, nirudishe kwenye P, ya kuegesha. Ndipo akapima. Kijiti kilikuwa karibu kikavu. Alikifuta kwenye kitambaa cheupe akanionyesha. Oili ambayo inatakiwa iwe nyekundu ilikuwa nyeusi. Aliisugua kwa vidole viwili akaninusisha: maharagwe yale yale. Kwenye ncha za vidole vyake kulibaki chengachenga nyeusi.

"Hii ni klachi yako, mzee. Iko kwa oili sasa."

Kisha akaniambia nikanyage breki hadi mwisho, niweke D, nikanyage mafuta kwa sekunde tatu tu, niachilie. Injini ililia hadi watu wa duka la jirani wakatoka. Gari halikutikisika. Akaniambia nifanye vile vile na gia ya nyuma. Hapo gari liliinuka kitako, likavuta breki kama ng'ombe anayevuta kamba.

"Ya nyuma ni nzima kabisa. Ya mbele imekufa." Aliinama dirishani, akanitazama. "Unashukanga na frii?"

"Nani hashuki na frii?"

"Mtu wa lori ya gia ya mkono ashuke, huyo shauri yake na breki zake. Hii si lori. Ukiweka frii, pampu ya oili inazunguka polepole na magurudumu yanakimbia, oili haifiki. Halafu unarudisha D ukiwa mbio, klachi inashika kwa nguvu, inaungua. Mara moja haisemi kitu. Umekaa nayo miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi ni hiyo," alisema. Nilimchukia kidogo kwa upole wake. Ingekuwa rahisi kama angenicheka.

Akasema niache gari pale, nitafute jingine. Nikamwomba aongeze oili tu. Alisema oili itanibeba tambarare, lakini mlima wa Thuci haitanipandisha. Nikamwambia aongeze. Alipokuwa chini ya boneti akimimina, simu ikalia. Ilikuwa Salim, na saa ilikuwa tano na dakika hamsini.

"Mko wapi?"

"Tuko Runyenjes," nikasema.

Sikufikiri. Neno lilitoka kama linavyotokaga. Nyinyi mnajua. Hapa kwetu aliye kitandani husema yuko njiani, na aliye njiani husema anaegesha. Runyenjes ni nusu saa tu kutoka Embu. Sisi tulikuwa bado hatujavuka hata mto Thuci, ulio kabla yake.

"Niambie kweli," alisema Salim. "Kama mko nyuma si neno. Imamu amekubali tusogeze mazishi hadi baada ya Alasiri. Na jirani hapa ana gari lake tayari, anaweza kuja kuwachukua popote mlipo. Sema tu."

Nayarudia maneno hayo kila usiku. Sema tu. Lakini kabla sijafungua mdomo nilisikia nyuma ya maneno yake ile siku ya Idi, na watu wakicheka, na yeye akigonga boneti yangu kwa kidole.

"Hapana, gari liko sawa. Tunaingia sasa hivi. Endeleeni na Adhuhuri."

Mutegi aliinua kichwa, akaangalia kibao cha duka lililokuwa mbele yetu, kimeandikwa Chuka kwa herufi kubwa. Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Niligeuka. Shangazi alikuwa ananitazama.

"Umemwambia tuko wapi?"

"Runyenjes, Shangazi. Tutafika tu."

"Runyenjes," alirudia polepole. Nilingoja matusi, na anayajua. Aligeuza uso kwenye dirisha, akauacha huko hadi Thuci.

Thuci

Nilishuka Thuci na gia, kwa mara ya kwanza maishani. Haikusaidia kitu tena. Upande wa pili tulipanda kama mita mia, gari likasimama, injini inalia, na tukaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki ya mkono, nikatoka, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu. Chini bondeni maji yanapita, juu jua, na barabara inapinda kiasi kwamba huoni anayekuja.

Ndipo nikakumbuka: ya nyuma ni nzima kabisa.

Niliondoa mawe, nikaliacha gari lishuke taratibu hadi tambarare ya karibu na daraja. Kwa kunyonganyonga nikaligeuza, kitako kikatazama mlima. Nikaweka gia ya nyuma na kukanyaga. Likapanda. Jamani, lilipanda kama gari jipya.

Mimi sikuona kitu, shingo yangu haigeuki tena namna hiyo. Aliyeona ni Shangazi. Alijiinua kwa kiwiko, akaweka uso kwenye kioo cha nyuma, akawa ndiye dereva.

"Kushoto kidogo. Kushoto, nimesema. Hapo hapo. Kuna lori linashuka, simama. Limepita. Twende."

Tulipanda mlima wa Thuci kinyumenyume, nje ya mstari, taa za hatari zikiwaka, watu wakitupigia honi na kututukana kwa lugha tatu. Nilimwona kwenye kioo kidogo, jasho likimtoka, akiuma mdomo kila gari liliporuka. Plasta ilikuwa inamgonga mlangoni. Hakulalamika hata mara moja.

Katikati ya mlima saa yangu ilisema saa saba. Nilijua wakati huo wamejipanga kuswali, Salim safu ya mbele nyuma ya imamu. Nilisimamisha gari, nikaishika simu. Lakini nikisema Thuci, ingebidi nieleze Runyenjes ilirudije mbele yetu. Nikaizima simu, nikairudisha mfukoni. Hilo nalo liandikwe.

Karibu tufike juu moshi ukatoka chini, na gia ya nyuma nayo ikaachilia. Mutegi alikuwa ameniambia ni nzima. Hakujua nitaipandisha mlima mzima. Tulikaa pale kando ya barabara karibu saa nzima, nikipunga mkono. Magari yanapita. Mtu akiona gari linaloelekea upande usio wake, moshi unatoka, na ndani kuna mtu wa buibui jeusi tii amelala, haoni haja ya kusimama.

Runyenjes, ya kweli

Aliyesimama ni mkulima wa Kanja anaitwa Njeru, mzee wa kofia ya sufu, mwenye pikapu iliyojaa mikungu ya ndizi. Alidhani ninataka kamba ya kuvutwa. Alipochungulia ndani akaiacha kamba.

"Mama ni mgonjwa?"

"Ni mguu. Tunawahi mazishi Embu. Ni kaka yake."

"Wanazika saa ngapi?"

Shangazi akajibu. "Walikuwa wazike saa saba."

Njeru aliangalia jua, akaniangalia mimi. Halafu akapanda nyuma ya pikapu akaanza kuteremsha ndizi zake, mkungu baada ya mkungu, akizipanga kando ya gari langu. Nikamwambia wataiba. Akasema wakiiba watakula. Akatandika magunia, tukambeba Shangazi na mito yake na kumlaza pale penye majani na utomvu wa ndizi. Mimi nilikaa naye nyuma nimeushika mguu.

Tulipoingia Runyenjes ilikuwa saa nane na nusu. Sikuinua macho. Nilisikia Shangazi akigonga bati la pikapu kwa pete yake. Njeru akasimama haraka, akatoa kichwa nje.

"Anaumia?"

"Hapa ni wapi, baba?" Shangazi aliuliza.

"Runyenjes, mama."

"Asante. Nilitaka tu kupaona," alisema. "Twende."

Dallas

Tulifika nyumbani saa tisa na dakika chache. Viti vya plastiki vilikuwa tupu. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani ndani, wanasoma. Na wanaume walikuwa wanaingia langoni kwa miguu, wawili wawili, kwenye pindo za kanzu zao udongo mwekundu bado mbichi. Nilipowaona nilielewa, na nikatamani nirudi Thuci.

Salim alikuja kwenye pikapu. Alimsalimu Shangazi, akambusu mkono. Kisha akanigeukia. Alizungumza chini chini, na ningependelea apige kelele.

"Tulikungoja hadi saa nane. Imamu alisema mtu aliye Runyenjes saa sita angekuwa amefika mara mbili. Tukadhani mmepata ajali. Nimepiga simu, hupatikani. Tungengoja Alasiri, Ramadhani. Ni saa moja tu imebaki. Kwa nini hukusema?"

Nilimwambia gari limekufa Thuci. Akasema hakuuliza habari za gari.

"Na mimi nilikuwa nimeonywa," aliendelea. "Baba mwenyewe alinionya. Jana alipoona hali yake, alisema mkinizika mumngoje Zainabu. Na akacheka kidogo, akasema, 'Lakini akikuambia yuko Runyenjes, ujue bado hajatoka Makutano. Mama alipofariki alinidanganya hivyo hivyo.' Lakini leo hakusema Zainabu. Ulisema wewe. Nikakuamini."

Shangazi alikuwa bado amelala kwenye magunia. Aliinua kichwa.

"Alijua?"

"Alijua, Shangazi. Mtu wa Makutano alimwambia wiki ile ile ya mazishi ya Nyanya."

"Na hakusema."

"Hakumwambia mtu. Mimi mwenyewe nimesikia jana."

Shangazi alifunika uso kwa buibui. Wanaume walikuwa wamesimama pale, na wanawake wamefika mlangoni, na yeye akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Nilikuwa kwa fundi cherehani. Nangoja buibui jipya la kumzikia mama yangu. Alinipigia mara tatu, mara zote nikamwambia niko Runyenjes, nakuja. Aliningoja hadi jua likakaribia kuzama. Na mimi miaka kumi na miwili namtangaza kwamba hakuningoja." Akafunua uso. "Mlidhani nakuja kumsamehe. Nilikuwa nakuja kumwomba."

Njeru, ambaye alikuwa amevua kofia muda wote, aliuliza polepole ampeleke mama ndani. Tukambeba sote watatu, mimi, Salim na Njeru, hadi chumba cha baba. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa ukutani, na sakafu ilikuwa bado na unyevu wa maji waliyomwoshea. Alituomba tumwache pale chini, kwenye unyevu huo huo, tutoke. Neno lake alilisema kwa chumba kitupu. Tulikuwa nje ya mlango na hatukulisikia.

Nilikwenda kaburini peke yangu. Udongo ulikuwa umelowa maji vizuri, na mawe yamepangwa. Kaka yangu alifanya kila kitu sawasawa.

Kurudi

Gari lilivutwa hadi kwa Mutegi. Alilifungua, akaniita nilione. Zile sahani za klachi ambazo huwa na kitambaa kigumu juu yake zilikuwa chuma kitupu, zimekuwa za bluu kwa moto. Aliniuliza kama nitatengeneza. Nikamwambia aliache kwanza. Ndizi za Njeru, kwa mnaouliza, tulizikuta zote, hata mkungu mmoja haukuguswa.

Ijumaa Salim alituleta Meru kwa gari la yule jirani, lile lile lililokuwa tayari Jumanne. Hakuzungumza nami sana, na sidhani atazungumza hivi karibuni. Shangazi alikaa nyuma na mguu wake. Tulipoanza kushuka Nithi nilitazama mkono wa Salim kwenye gia. Haukuisukuma kwenye frii.

Chini, karibu na daraja, simu ya Shangazi ikalia. Ni binti yake, alikuwa ameweka chakula jikoni Makutano na alitaka kujua atie maji ya ugali ama bado. Niliisikia sauti yake hadi mbele nilipokaa. "Mama, mko wapi?"

Shangazi alinyoosha mkono kati ya viti, akanipa simu.

Nilingoja hadi tukavuka daraja.

"Tuko Nithi," nikasema. "Bado tuko mbali."